Kutoboa daiki za doleriti Uganda ili kusoma sumaku ya kale

Daiki ni ukuta wa mwamba ulioingia ukiwa umeyeyuka kwenye ufa wa miamba mingine; doleriti ni mwamba mweusi wa aina hiyo. Doleriti inapopoa chini ya nyuzijoto 580, chembe za magnetiti (madini ya chuma yenye sumaku) ndani yake hushika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa wakati huo, na mwinamo wa uga huo, yaani pembe yake na mlalo, hutaja latitudo ya mahali hapo wakati huo. Sampuli iliyochukuliwa vibaya haiokolewi na maabara yoyote, kwa hiyo umakini mkubwa uwekwe kwenye kutoboa.

Epuka vilele. Uganda hupigwa radi sana, na radi moja huacha sumaku kali inayofunika ile ya kale. Daiki za kusini magharibi zitafute kwenye machimbo ya mawe, barabara zilizokata vilima au kingo za mito. Pitisha dira karibu na mwamba. Sindano ikiyumba digrii kadhaa ndani ya mita moja, hama.

Toboa vipande 6 hadi 8 kila daiki, vya kipenyo cha sentimita 2.5, kwa keekee yenye ncha ya almasi. Maji yasikatike, la sivyo ncha itaungua. Kabla ya kung'oa kipande, kivishe bomba la shaba lenye ufa, pima mwinamo na mwelekeo, kisha kwaruza alama kwa waya wa shaba. Kikivunjika na kuzunguka kabla ya alama, kitupe, usikisie.

Doleriti hupotosha dira ya kawaida, hivyo tumia pia dira ya jua, inayosoma mwelekeo kwa kivuli. Hapa kwenye ikweta, adhuhuri ya Machi na Septemba kivuli karibu kinatoweka. Pima kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, uandike saa na dakika.

Toboa pia mwamba uliochomwa na daiki, na mwingine wa aina hiyohiyo ulio mbali kupita upana wa daiki. Uliochomwa ukikubaliana na daiki na wa mbali ukikataa, sumaku hiyo ni ya tangu daiki ilipoingia. Yote mitatu ikikubaliana, shuku kwamba joto la baadaye liliifuta ya awali.

Maabarani, pasha vipande kwa hatua za nyuzi 100 kila moja mpaka 500, kisha za nyuzi 20 mpaka 580, ukivipoza pasipo na uga na kuvipima kila mara. Hatua za mwanzo huondoa sumaku ya karibuni. Ukichora vipimo hivyo kwenye grafu, amini mstari unaonyooka kwenda sifuri.

Tanjiti ya mwinamo, igawe kwa 2, upate tanjiti ya latitudo. Mwinamo wa digrii 45 ni latitudo 26.6, kaskazini au kusini, maana ncha za sumaku za dunia zimewahi kupinduka. Longitudo haipatikani. Daiki moja hupoa upesi mno na uga huyumba kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo chukua wastani wa daiki 10 au zaidi.