Kutoa hadithi African Storybook na kuifikisha darasani

Ukifundisha kusoma darasa la pili, shida unaijua: watoto sabini, vitabu vya ziada hakuna. Mimi naanzia African Storybook, maktaba ya bure ya mtandaoni iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Ina hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo.

1. Fungua africanstorybook.org kwenye simu, chagua Kiswahili, kisha kiwango. Viwango ni vitano, kuanzia maneno ya mwanzo hadi hadithi za mwalimu kuwasomea watoto. Usichague kwa jina la darasa. Mtoto anayeunganisha silabi kwa kidole mpe sentensi moja kwa ukurasa, hata kama yuko la tatu.

2. Pakua PDF. Hapo hudaiwi akaunti.

3. Isome yote kwa sauti kabla ya kuandika andalio la somo. Hapa usikimbie. Niliwahi kupeleka darasani hadithi ya Kenya bila kuipitia. Tulipofika "Mama alipanda matatu", mtoto wa dawati la mbele akauliza, "Matatu ya nini, mwalimu?" Alikuwa sahihi kabisa: kwetu Tanzania matatu ni idadi, kama maembe matatu. Gari la abiria ambalo Wakenya huliita matatu, sisi tunaliita daladala. Dakika kumi za somo zikaishia hapo.

4. Rekebisha maneno ya namna hiyo, lakini kwanza soma leseni kwenye ukurasa wa mwisho. CC BY, moja ya leseni huria za Creative Commons, inakuruhusu kubadilisha na kugawa, mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Ukiona NC (yaani si kwa biashara), usiuze nakala. Ukijisajili, unaweza kutengeneza toleo lako humo humo kwenye tovuti.

5. Huna projekta? Andika hadithi kwenye manila kwa maki peni nene, herufi ambazo aliyekaa nyuma kabisa atazisoma. Mwambie mtoto mmoja akae nyuma ajaribu kuzisoma kabla hujaanza.

6. Somo likifanikiwa, usilifungie kabatini. Piga chapa andalio lako: umahiri, muda, zana, maswali uliyouliza, na mahali watoto walipokwama. Hilo la mwisho ndilo mwalimu mwenzako analolihitaji zaidi, na ndilo tunaloliacha mara nyingi. Ondoa majina na picha za wanafunzi, andika jina lako na leseni, kisha lipandishe OER Commons, maktaba ya mtandaoni ya zana huria za kufundishia, au litume kwa walimu wa kata yako.