Bulgogi na wali kwa mlo wa jioni
Anayetaka kupika bulgogi, nyama ya ng'ombe ya Kikorea inayoliwa na wali, aiweke kwanza steki kwenye friza kwa dakika 45 hivi, kwa sababu nyama iliyoanza kugandishwa na baridi hukatika kwa urahisi kuwa vipande vyembamba sana, mradi kisu kikingame nyuzi zake. Kwa nusu kilo, changanya vijiko vikubwa 4 vya sosi ya soya, 2 vya sukari, 1 cha mafuta ya ufuta, punje 4 za kitunguu saumu zilizotwangwa, pilipili manga na nusu ya tufaha lililokunwa. Chumvi haihitajiki. Loweka nyama kwa nusu saa. Ukitumia nanasi badala ya tufaha, kiwe kijiko kimoja tu na muda usizidi hapo, maana kimeng'enya chake huvunja protini haraka na kuilegeza nyama kupita kiasi. Kaanga kidogo kidogo kwenye moto mkali, kwani kikaango kikijaa, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kupata rangi. Wali (hata kwa sisi tuliozoea wa nazi) upikwe mweupe, bila chumvi wala mafuta.