Kuchagua kati ya 1080i na 1080p katika kamera ya video

Namba 1080 hueleza idadi ya mistari inayoijenga picha kutoka juu hadi chini, lakini haielezi jinsi mistari hiyo inavyochukuliwa, kwa hiyo isome kwanza herufi inayoifuata. Penye "p", kamera huchukua mistari yote kama fremu moja kamili. Penye "i", huchukua mistari ya namba witiri, kisha hurudi kuchukua ya namba shufwa, hivyo kila nusu ya picha huwa na mistari 540 tu. Mpango huu uliwafaa sana watangazaji wa enzi za televisheni za kioo kinene, kwa kuwa ulilainisha mwendo bila kuongeza upana wa masafa.

Tatizo ni kwamba kati ya nusu mbili hupita sehemu ya 50 au ya 60 ya sekunde, na kitu kinachotembea huwa kimeshasogea. Rekodi mkono unaopunga kwa 1080i, uicheze video kwenye kompyuta huku programu ikizuiwa kurekebisha tofauti ya nusu hizo, kisha isimamishe: kingo za vidole zitakuwa na meno kama ya kitana, ilhali ukuta ulio nyuma umetulia safi. Kwa kazi ya intaneti, basi, chagua "p" bila kusita, na uiache "i" kwa kituo cha televisheni kinachoidai.

Kasi, yaani idadi ya nusu ("i") au ya fremu kamili ("p") kwa sekunde, hufuata eneo, na hapa ndiyo namba inayotangulia herufi. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika hutumia 50i, 25p na 50p. Marekani na Japani hutumia 60i na 30p, ambazo kwa hakika ni 59.94 na 29.97. Idadi ya mistari ni ileile, tofauti na enzi za mistari 576 (Ulaya) na 480 (Marekani), ila kuchanganya kasi hizo katika video moja hufanya mwendo ukwamekwame. Ukitumia kamera ya 60 mahali penye umeme wa hezi 50, taa zinaweza kumetameta. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/100 ya sekunde.

Kuna mtego mmoja ninaosisitiza uangaliwe: baadhi ya kamera hurekodi 25p ndani ya faili la 50i. Programu ya kuhariri huliona faili hilo kuwa la nusu-nusu na kuanza kulirekebisha, na ukali wa picha hupotea bure. Iambie wewe mwenyewe, katika mipangilio ya faili, kwamba fremu ni kamili.