Kupima ugumu wa mawe kwa ukucha, kisu na kioo

Ukiwa Malindi huhitaji maabara. Tafuta bonge la chumvi ya Gongoni, kipande cha jasi, jiwe la matumbawe la kujengea, na jiwe la mchanga la Nyari, kule Marafa. Kinachotafutwa ni kujua lipi humkwaruza mwenzake.

Vipimio: ukucha (2.5), kisu cha jikoni na kioo cha dirisha (vyote kama 5.5), na tupa ya fundi (6.5). Namba hizi ni za kipimo cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812, talki, madini laini kuliko yote, ikiwa 1 na almasi 10. Zinaonyesha nani amemtangulia nani tu: almasi imeipita yakuti (9) kwa namba moja, ila ugumu wake ni takriban mara nne.

Vunja jiwe upate uso mpya, kwani ganda lililopigwa na jua na mvua huwa limelainika. Kioo kilaze mezani, usikishike mkononi. Bonyeza ncha kwa nguvu, ivute sentimita moja, kisha futa kwa kidole kilicholowa. Hapa ndipo wengi hukosea: mstari mweupe ukifutika, huo ni unga wa kilicho laini. Mkwaruzo wa kweli hukwamisha ukucha ukiupitisha juu yake. Halafu geuza, kilichokwaruzwa nacho kikwaruze. Vikiumizana vyote, ugumu wao unakaribiana.

Jasi (2) huingilika kwa ukucha. Chumvi (2 hadi 2.5) hubishana nao, ipime ikiwa kavu kabisa. Matumbawe (3 hadi 4) hukataa ukucha, kisu huyakata bila taabu. Yakikwaruza kioo, usiandike bado: huenda kuna punje ya mchanga imenasa kwenye matundu. Kwangua unga wake, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, ni chokaa.

Jiwe la Nyari ndilo hudanganya. Linamong'onyoka vidoleni, mtu akaandika "laini". Kinachoachia ni gundi iliyoshika punje, punje zenyewe ni kwatzi, madini magumu ya mchanga (7). Zisugue juu ya kioo kwa kijiti: michirizi haifutiki, na tupa nayo haiziwezi.

Kuta za Mji wa Kale wa Lamu na magofu ya Gede si za kujaribia. Vifusi vya machimbo vinatosha.