Kuhamia Linux Mint: hatua kwa hatua, hasa pale Wi-Fi inapogoma

Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za mtumba tunazotumia hapa Moshi hazina sifa za kuwekewa Windows 11. Hazijafa. Juzi nimemsaidia mama mwenye steshenari kule Majengo kuhamia Linux Mint, mfumo wa kompyuta wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na utaratibu wenyewe ni huu.

1. Hamisha kazi zako. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha fungua faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine ujiridhishe.

2. Pakua Mint, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Toleo la Cinnamon linapendeza zaidi, lakini kwa RAM ya GB 4 silishauri hata kidogo. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo jipange na bando.

3. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, programu ya Windows ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta. Ukilikopi tu kama wimbo, kompyuta haitawaka nalo.

4. Washa kwa flashi na usakinishe. Kitufe cha kuchagua flashi wakati wa kuwasha, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. HP ni Esc kisha F9. Chomeka chaji, umeme wetu unajulikana.

5. Wi-Fi. Hapa ndipo watu wanakata tamaa na kurudi Windows. HP na Dell nyingi za zamani zina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom, na Mint huwa haiiwashi mpaka uongeze draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo. Utaona orodha ya mitandao iko tupu. Kadi ni nzima.

Unganisha simu ya Android kwa waya, kisha kwenye mipangilio ya simu washa "USB tethering". "Mwanangu, mbona inachaji tu?" mama aliniuliza. Waya ndio ulikuwa tatizo: nyaya nyingi za bei rahisi hupitisha chaji bila data. Tulipochukua waya mwingine, intaneti ikaingia. Fungua Driver Manager, chagua draiva ya Broadcom, subiri imalize.

Sasa tulia hapa. Kama Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoaminika kuingia kompyuta inapowaka) imewashwa, utaombwa utunge nenosiri. Liandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", andika nenosiri lile, kisha "Reboot". Ukiiacha ipite, draiva itakuwepo lakini haitafanya kazi, na hata ukiiondoa na kuirudisha utabaki palepale. Ikikupita, fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Tunga nenosiri jipya, washa upya, na safari hii usibanduke mbele ya skrini. Mafundi wengi watakwambia uzime Secure Boot yaishe. Wi-Fi itawaka kweli, ila sikubaliani nao: unavua kinga ya kompyuta nzima ili kukwepa kazi ya dakika mbili.

6. Sasisha kwa Update Manager, kabla hujaongeza programu yoyote.

7. LibreOffice, programu ya Mint ya kuandikia barua badala ya Word. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, uweke muundo wa Word kuwa wa kudumu. Vinginevyo utahifadhi kwa .odt, muundo wa LibreOffice yenyewe, na mteja uliyemchapia barua anaweza kukuta imevurugika akiifungua kwenye Word ya ofisini kwake. Ikiwa barua haitahaririwa tena, mpe PDF.