Kuagiza kiti mwendo ng'ambo ukiwa Mwanza

Binti yangu ana miaka 11, na mjini nilikuta viti vya watu wazima tu. Kiti kikiwa kipana, mtoto hulala upande mmoja na mgongo huumia. Nikaagiza Uingereza.

Anza na futi ya fundi cherehani. Mketishe kwenye benchi gumu, pima nyonga: upana wa kiti uwe huohuo au uzidi sentimita 3 tu. Kisha pima kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, upunguze sentimita 3 hadi 6; hicho ndicho kina cha kiti, ili ukingo usimkate. Mwite mtaalamu wa tiba ya viungo ahakiki. Mimi cha kwanza nilikisia, nikapoteza pesa na miezi minne.

Halafu uliza tairi, na hapa usikubali jibu la "inchi 24" peke yake. Viti vingi hutumia rimu ya milimita 540, ilhali baiskeli nyingi za inchi 24 ni 507. Ukipasukiwa Igoma, fundi baiskeli hatakuwa na ya kukutosha. Agiza tairi na tyubu za akiba pamoja na kiti. Kwa mawe yetu ya Mabatini, magurudumu ya mbele yawe mapana, membamba hukwama.

Cha umeme? Chaja iwe ya volti 230, na betri za lithiamu zina masharti makali kwenye ndege.

Kabla hujalipa, mpelekee wakala wa forodha ankara, akuandikie gharama zote hadi Mwanza, si hadi Dar.

Kikifika, fungua boksi mbele ya msafirishaji, ukipiga picha.