Somo: Kusafisha Lee-Enfield ya zamani kwa vifaa vyake vya jeshi

Wakuu, somo hili ni la wenye Lee-Enfield ya risasi za .303, bunduki waliyokwenda nayo Burma askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki. Wengine wenu mlioko Canada na Uingereza mnazo kwa kibali, kwa ajili ya shabaha au kumbukumbu.

Kabla ya yote toa magazini, fungua bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu), chungulia chemba (mahali risasi inapokaa tayari kupigwa), kisha hakikisha kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine.

1. Fungua kifuniko kidogo kwenye bamba la kitako. Humo askari aliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kuvutia, yenye kizito cha shaba upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Ukikuta patupu usishangae, vingi vilipotea zamani. Kamba iliyooza usiitumie hata kama ni ya asili: ikikatikia ndani ya mtutu huku kitambaa kimebana, utaitafuta siku nzima.

2. Toa bolti. Kwenye toleo la No. 1 Mk III unaivuta hadi mwisho, unainua kichwa chake, inatoka. Linganisha namba yake na ya mwili wa bunduki. Ukiwa na bunduki mbili, safisha moja moja, maana bolti hizi zilipimwa kila moja na bunduki yake.

3. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) yenye kemikali ya klorati. Ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi; yanaifunika tu, na kutu inaendelea chini yake. Dawa ni maji ya moto. Jeshi la Uingereza lilikuwa na faneli maalumu ya kuyamimina kutoka upande wa chemba. Mtutu ukipata moto, maji yanayobaki hukauka upesi. Futa na uso wa bolti pia, nao hupigwa na moshi uleule.

4. Kata kitambaa cha pamba inchi 4 kwa 2, kipitishe kwenye kitanzi, dondosha kizito kutoka chemba hadi kitokee mdomoni, kisha vuta kwa mkupuo mmoja. Vuta moja kwa moja! Kamba ikivutwa kwa pembe husugua mdomo wa mtutu, na mdomo ukilika upande mmoja shabaha imekwenda. Nyumbani mimi napendelea fimbo ndefu ya kipande kimoja, iingie kwa nyuma. Kamba ni kifaa cha handaki.

5. Rudia hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha pitisha chenye mafuta kidogo. Kabla ya kupiga tena, kausha mtutu na chemba.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, naweza kutumia brashi ya chuma kwenye kutu?
Jibu: Anza na ya shaba na mafuta ya kupenya, uache yaloweke. Jeshi lenyewe lilitumia wavu wa waya pale tu kutu ilipokaidi.

Swali: Niko Muscat, babu ameniachia Martini-Henry, bunduki ya kale ya Waingereza. Utaratibu ni huuhuu?
Jibu: Maji ndiyo, tena zaidi, kama inapigwa kwa baruti nyeusi. Ila haina bolti ya kuchomoa, hivyo fimbo inapitia mdomoni. Ivalishe kilinda mdomo. Na kama imekaa miaka bila kufunguliwa, fundi aikague kwanza kama ina risasi.

Swali: Mti umefifia. Nipige msasa na vanishi?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Msasa unafuta mihuri ya kiwanda na ya jeshi, na hairudi. Paka mafuta ghafi ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo, futa yanayozidi. Kitambaa ulichofutia kitandaze nje kikauke. Ukikikunjakunja na kukitupa kwenye ndoo kinaweza kushika moto chenyewe.